Baada ya Hewa Kurejea: Oksidi ya Nitriki na Jeraha la Ubongo wa Mtoto Mchanga

Utangulizi

Nilipokuwa katika mafunzo ya ubingwa wa tiba ya watoto, usiku mmoja niliitwa chumba cha kujifungulia kumpokea mtoto aliyezaliwa bila kulia. Mimba ilikuwa imetimiza miezi tisa, lakini uchungu wa mama ulikuwa umechukua muda mrefu, na mtoto alitoka akiwa mlegevu na rangi imemtoka. Tulimkausha, tukamsugua mgongo, tukampulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Baada ya dakika kadhaa mapigo ya moyo yalipanda, rangi ikarejea, akaanza kupumua mwenyewe. Nilimwendea mama yake nikamwambia, kwa furaha ya daktari kijana, kwamba hatari imepita. Kesho yake jioni mtoto alipata degedege. Mama alinitazama akaniuliza: "Daktari, uliniambia hewa imemrudia. Sasa kinachomdhuru ni nini?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilimweleza kwamba ubongo ulikosa hewa, naye akanijibu kwamba hilo analijua. Alichotaka kujua ni kwa nini mtoto anazidiwa baada ya hewa kupatikana.

Sehemu kubwa ya jibu la swali lile imo katika tabia ya gesi moja ndogo ambayo mwili huitengeneza wenyewe, yaani oksidi ya nitriki. Gesi hii huulinda ubongo, na gesi hiyo hiyo huujeruhi. Kinachoamua ni mambo manne: imetoka wapi, ni ya kiasi gani, imetoka wakati gani, na imekutana na nini. Anayeyaelewa mambo hayo ataelewa pia kwa nini dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa ina thamani kuliko dawa yoyote tuliyo nayo, na kwa nini mtoto aliyezinduka bado anahitaji uangalizi wa karibu kwa siku tatu.

Oksidi ya nitriki ni kitu gani?

Molekuli ya oksidi ya nitriki ina atomu moja ya nitrojeni na atomu moja ya oksijeni. Isichanganywe na gesi ya usingizi inayotumika katika vyumba vya upasuaji, ambayo ina atomu mbili za nitrojeni, wala na dioksidi ya nitrojeni, ile gesi ya kahawia yenye sumu inayopatikana katika moshi wa magari.

Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani, pamoja na John Zawadzki, alionesha kwamba kipande cha ateri ya sungura hulegea kinapopewa asetilikolini iwapo tu utando wake wa ndani haujakwanguliwa. Ilibainika basi kwamba utando huo hutoa kitu kinachouamuru msuli wa mshipa ulegee. Mwaka 1987 makundi mawili ya watafiti, la Salvador Moncada nchini Uingereza na la Louis Ignarro nchini Marekani, yalionesha kwamba kitu hicho ni oksidi ya nitriki. Miaka kumi kabla ya hapo, Ferid Murad alikuwa amekwisha kugundua kwamba nitrogliserini, dawa iliyotumika tangu karne ya 19 kutuliza maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyo hiyo. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998.

Mwili huitengeneza oksidi ya nitriki kutokana na asidi amino iitwayo arginini, pamoja na oksijeni. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vya aina tatu. Cha kwanza kimo katika utando wa ndani wa mishipa ya damu. Hutoa gesi kidogo kidogo muda wote, nayo huilegeza mishipa na kuzuia chembe sahani za damu zisigandamane. Cha pili kimo katika seli za neva, na huamka pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli. Cha tatu kwa kawaida hakionekani. Hutengenezwa na seli za kinga wakati wa maambukizi au jeraha, na kikishatengenezwa hutoa gesi kwa wingi na kwa muda mrefu. Katika makala haya tutaviita kimeng'enya cha mishipa, cha neva na cha kinga.

Gesi hii huishi sekunde chache tu. Kwa hiyo hufanya kazi jirani na pale ilipozaliwa, na ndiyo maana suala la imetoka wapi ni la msingi.

Hatua nne za jeraha

Ubongo wa mtu mzima ni takriban 2% ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu 20% ya oksijeni yote mwili unapopumzika. Hauna akiba ya maana ya nishati. Kwa hiyo kondo la nyuma linapoachia kabla ya wakati, kitovu kinapobanwa, au uchungu unapopita kiasi, ubongo wa mtoto huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuathirika. Jeraha hutokea kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni wakati wa kukosa hewa. Nishati hupungua, pampu za kwenye kuta za seli za neva hushindwa kazi, na seli hizo humwaga glutamati. Glutamati kwa kawaida ni mjumbe kati ya neva na neva, lakini ikizidi hufungua milango ya kalsiamu kupita kiasi. Kalsiamu huingia ndani ya seli na kukiamsha kimeng'enya cha neva. Hata hivyo, kimeng'enya hicho kinahitaji oksijeni ili kitengeneze gesi, na kwa wakati huu oksijeni ni haba. Kimeng'enya kimeamka, ila malighafi haijafika. Wakati huo huo, oksidi ya nitriki inayotoka katika utando wa mishipa huwa inajitahidi kuipanua mishipa ili damu kidogo iliyopo iwafikie wote.

Hatua ya pili ni pale hewa na damu vinaporejea. Kwa dakika zile oksijeni huwakuta watengenezaji wawili wakiisubiri. Kimeng'enya cha neva huanza kutoa oksidi ya nitriki kwa wingi, na mitokondria zilizovurugika huanza kutoa superoksidi, ambayo ni oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada. Kila moja kati ya hizi mbili, ikiwa peke yake na kwa kiasi kidogo, mwili huimudu. Zikikutana huungana papo hapo kuwa peroksinitriti, na kasi ya muungano huo inashinda hata kasi ya kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiondoa superoksidi. Peroksinitriti hushambulia mafuta ya kuta za seli, hubadilisha protini na kukata nyuzi za DNA. Seli hujaribu kuzikarabati nyuzi hizo, na ukarabati wenyewe humaliza nishati iliyobaki. Mtoto mchanga yumo katika hatari kubwa zaidi kwa sababu mfumo wake wa kuzizima radikali huru bado haujakomaa.

Hatua ya tatu ni utulivu. Mtoto amepata rangi, moyo unapiga vizuri, na nishati ya ubongo inaweza kuonekana kana kwamba imerejea. Kipindi hiki huchukua takriban saa 6. Hapo ndipo nilipomwambia yule mama kwamba hatari imepita.

Hatua ya nne ni anguko la pili la nishati, ambalo huanza baada ya saa hizo na linaweza kuendelea hadi siku ya tatu. Mitokondria zilizoharibiwa na peroksinitriti hushindwa kazi ingawa oksijeni ipo. Seli nyingine hufa kwa kupasuka, nyingine kwa kujiua kwa utaratibu. Seli za kinga huja kusafisha mabaki, na baadhi yake huleta kile kimeng'enya cha tatu, ambacho huongeza gesi juu ya gesi. Degedege, ulegevu, kushindwa kunyonya na kupumua kwa kusitasita huonekana wakati huu.

Hilo ndilo jibu la kile kilichokuwa kinamdhuru mtoto yule. Kukosa hewa kuliwasha moto, na hewa ilipofika iliukuta moto unawaka. Lakini asiwepo wa kuhitimisha kwamba hewa ingecheleweshwa. Bila hewa seli zote zingekufa. Kila sekunde ya kuchelewa huongeza idadi ya seli zitakazoingia katika hatua ya pili zikiwa zimeharibika.

Panya waliotufundisha kutofautisha

Je, tuna ushahidi gani kwamba gesi moja inaweza kulinda na kudhuru? Mwaka 1994 Paul Huang na wenzake nchini Marekani walitumia panya waliozaliwa bila jini ya kimeng'enya cha neva. Walipoziba ateri ya ubongo, eneo lililokufa lilikuwa dogo kuliko la panya wa kawaida. Mwaka 1996 walirudia jaribio kwa panya wasio na kimeng'enya cha mishipa, na safari hii eneo lililokufa lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka huo huo Donna Ferriero na wenzake walionesha kwamba panya wachanga wasio na kimeng'enya cha neva hawaathiriki sana wanapokoseshwa damu na oksijeni kwenye ubongo.

Gesi ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa chanzo chake. Inayotoka katika utando wa mishipa hupitisha damu, na inayofurika ndani ya seli za neva huua.

Kwa nini hatuizimi, na kwa nini hatuiongezi

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini basi tusimpe mtoto dawa ya kuizuia gesi hii? Swali hilo limejaribiwa kwa watu wazima katika ugonjwa mwingine. Wagonjwa walioporomoka shinikizo la damu kutokana na maambukizi makali walipewa dawa inayozuia vimeng'enya vyote vitatu bila kuchagua. Shinikizo lilipanda kama ilivyotarajiwa, lakini waliofariki wakawa wengi kuliko wale ambao hawakupewa, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kuzima vyote ni kuzima na kile kinacholinda.

Upande wa pili nao umejaribiwa. Wagonjwa waliotoka kupata shambulio la moyo walipewa vidonge vya arginini kwa matumaini kwamba oksidi ya nitriki itaongezeka na moyo utapona haraka. Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 2006, nalo lilisimamishwa: wagonjwa 6 waliopewa arginini walifariki, na hakuna aliyefariki kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wahudumu wawakumbushe wagonjwa habari hii pale wanapouziwa unga na vidonge vya "kuongeza oksidi ya nitriki".

Ipo sehemu moja ambapo gesi yenyewe ni dawa iliyothibitishwa. Baadhi ya watoto waliokosa hewa hubaki na mishipa ya mapafu iliyobanwa, hivyo damu haipiti kwenye mapafu kuchukua oksijeni. Wakivutishwa oksidi ya nitriki, kwa kawaida sehemu 20 katika milioni ya hewa, mishipa ya mapafu hulegea. Gesi ikishaingia kwenye damu hunaswa mara moja na himoglobini, kwa hiyo haisambai mwilini kushusha shinikizo la damu. Marekani iliidhinisha tiba hii mwishoni mwa mwaka 1999 kwa watoto waliotimiza au kukaribia kutimiza miezi. Huhitaji mtambo maalumu na vipimo vya mara kwa mara, kwa hiyo si tiba ya kubuniwa wodini. Mafanikio yake yanathibitisha kanuni ile ile: mahali sahihi, kiasi sahihi, wakati sahihi.

Mhudumu afanye nini?

Kwa kuwa hatuna dawa ya kuchagua kimeng'enya kimoja na kuacha kingine ndani ya ubongo wa mtoto, tunachoweza kukidhibiti ni mazingira ambamo gesi hii inatengenezwa. Mambo yafuatayo yamo ndani ya uwezo wa kituo cha afya cha kawaida.

1. Linda kabla ya kuzaliwa. Sikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kwa ratiba, jaza patografu wakati uchungu unaendelea, si baada ya mama kujifungua, na mpe mama rufaa mapema.

2. Anza kumpulizia hewa ndani ya dakika ya kwanza. Mtoto asiyepumua baada ya kukaushwa na kusuguliwa apuliziwe kwa mfuko na barakoa, takriban mara 40 kwa dakika, na kifua kionekane kikipanda. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionesha kwamba hatari ya kifo au ya kulazwa kwa muda mrefu iliongezeka kwa 16% kwa kila sekunde 30 za kuchelewa, hadi dakika ya 6. Ripoti ya mwaka 2013 kutoka hospitali 8 za Tanzania ilionesha kwamba baada ya wahudumu kufunzwa mpango wa kuwasaidia watoto kupumua, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47%, na watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu punde tu walipungua kwa 24%.

3. Anza na hewa ya kawaida. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuanza na hewa ya chumbani, ambayo ina 21% ya oksijeni. Majaribio ya kitabibu yalipochambuliwa kwa pamoja yalionesha kwamba waliozinduliwa kwa hewa walikufa wachache kuliko waliozinduliwa kwa oksijeni tupu. Baiolojia tuliyoieleza inasaidia kufahamu sababu: oksijeni iliyozidi huongeza superoksidi, na superoksidi ndiyo inayoigeuza oksidi ya nitriki kuwa sumu. Mhudumu asikimbilie mtungi kwa kuona mtoto bado ana rangi ya bluu katika dakika ya kwanza. Hata mtoto mzima wa afya huwa na kiwango cha oksijeni cha takriban 60 hadi 65% dakika moja baada ya kuzaliwa, na hufika 80 hadi 85% dakika ya 5. Oksijeni iongezwe pale kipimo au mapigo ya moyo yanapoonesha kwamba upuliziaji mzuri wa hewa hautoshi.

4. Mwangalie kwa siku tatu. Mtoto aliyehitaji kupuliziwa hewa kwa dakika kadhaa asirudishwe wodini akahesabiwa kuwa mzima. Pima sukari ya damu na uirekebishe. Dumisha joto la mwili kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, homa huongeza jeraha la ubongo. Tafuta dalili ndogo za degedege, kama vile kutafuna bila chakula, macho kukodoa, au miguu kupiga kama anayeendesha baiskeli. Degedege itibiwe kwa fenobabitali kwa mujibu wa mwongozo.

5. Usimpooze mtoto kwa chupa za barafu. Katika nchi tajiri, kumshusha mtoto joto hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa 6 za kwanza, hupunguza vifo na ulemavu, kwani baridi hupunguza kasi ya hatua tulizozitaja. Lakini jaribio kubwa lililofanywa katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2021 lilionesha matokeo tofauti: waliopoozwa walifariki 42%, na wasiopoozwa 31%. Tiba iliyofaa pengine haikufaa kwingine.

Neno kwa wazazi

Mama aliyezaa mtoto aliyekosa hewa mara nyingi hujilaumu, na wakati mwingine hulaumiwa na ndugu. Aelewe kwamba kondo kuachia au kitovu kubanwa si adhabu, wala hakusababishwi na maneno au hasira. Linalomfaa katika mimba ijayo ni kuhudhuria kliniki, kufika kituoni mapema uchungu unapoanza, na kumweleza mkunga yaliyotokea mara ya kwanza.

Mtoto akisharuhusiwa kwenda nyumbani, rudi naye haraka ukiona anashindwa kunyonya, analala kupita kawaida, anakakamaa au kushtuka kwa mfululizo, au amepata homa. Hata akionekana mzima, asikose miadi ya kliniki. Mtoto ambaye bado hajashika shingo akiwa na miezi 4, au hajakaa bila kuegemezwa akiwa na miezi 9, apelekwe kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo bila kungoja. Ubongo wa mtoto mchanga bado unajengeka, na mazoezi yanayoanza mapema yana faida.

Hitimisho

Oksidi ya nitriki si rafiki wala adui. Ikitoka katika utando wa mshipa, kidogo kidogo, hupeleka damu penye uhitaji. Ikifurika katika seli za neva wakati superoksidi nayo imejaa, huua seli ambazo hewa ilikuja kuziokoa. Mpaka itakapopatikana dawa ya kutenganisha hali hizi mbili, kinga yetu ni kuchelewa kidogo iwezekanavyo, kutozidisha oksijeni, na kutoondoa macho kwa mtoto baada ya kupata rangi.

Mtoto yule aliruhusiwa baada ya wiki mbili. Alichelewa kukaa na alichelewa kutembea, na kwa muda mrefu mama yake alimleta kliniki kila mwezi bila kukosa. Ni yeye aliyenifunza kuyachunga maneno yangu. Siku hizi, mtoto anapozinduka, simwambii mama kwamba hatari imepita. Ninamwambia kwamba hewa imerudi na kwamba siku tatu zijazo tutakuwa naye karibu, kisha ninamweleza sababu.